UKURASA WA AFYA: PAKA WA NYUMBANI NA PAKA ALIYETUPWA



Katika ukurasa huu tumekwisha kuzungumza juu ya malaria, kuhara, shinikizo la damu na lishe ya watoto. Mwezi huu tunazungumza juu ya paka. Huenda wengine mtacheka na kuuliza paka ana nini hata aandikwe kwenye ukurasa wa afya. Tunaomba msome kwanza habari za barua mbili tulizopokea mwezi uliopita.

Barua ya kwanza ni ya mama mwenye mimba ya miezi mitatu. Ana paka jike aliyemlea kwa miaka minne, na tangu paka huyo aingie nyumbani panya wamepungua sana katika ghala lao la mahindi. Sasa mama mkwe wake amesikia kwamba paka huharibu mimba, naye ameagiza paka atiwe katika gunia, akatupwe sokoni. Mama huyu anauliza kama ni kweli, na kama ni kweli afanye nini na mnyama aliyemzoea.

Barua ya pili ni ya baba mmoja. Mwanawe wa miaka saba aliokota paka mdogo nyuma ya soko akamleta nyumbani. Siku ya pili paka huyo akamng'ata kidole na kumparura mkono. Kisha akaanza kutoka denda, akashindwa kunywa maji, akajificha chini ya kabati, na siku ya nne akafa. Wakamzika. Jeraha la mtoto limekwisha kukauka. Baba anauliza kama kuna haja ya kwenda hospitali, kwa kuwa kidonda ni kidogo, tena ni cha paka, si cha mbwa.

Baba huyo tulimpigia simu siku ile ile tulipofungua barua yake. Hatukungoja gazeti lichapwe. Tulimwambia: mpeleke mtoto hospitali leo, usingoje kesho. Alimpeleka, na mtoto ameanza sindano.

Barua hizi zimetoka parokia mbili tofauti, na walioziandika hawajuani. Lakini tulipozisoma moja baada ya nyingine tuliona kwamba zinahusiana. Paka wa nyuma ya soko hakuota pale kama uyoga. Yeye au mama yake aliwahi kuwa na nyumba, au alizaliwa na paka ambaye watu walimchoka. Ndiyo maana somo letu la leo ni hili: paka anayetunzwa vizuri ni msaada na hatari yake ni ndogo, paka anayetupwa haondoi hatari, bali anaihamisha kutoka nyumba moja kwenda kwa watoto wa wengine.

PAKA NA IMANI YETU

Wapo wanaosema kwamba paka, hasa mweusi, ni chombo cha wachawi. Watoto wakisikia hivyo humpiga mawe kila wanapomwona. Rangi ya manyoya ya paka ni urithi wa wazazi wake, kama ilivyo rangi ya ng'ombe au mbuzi. Mkristo hana sababu ya kuogopa rangi.

Maandiko Matakatifu yanamtaja paka mara moja tu, katika sura ya 6 ya Kitabu cha Baruku. Hapo anatajwa pamoja na ndege na popo wanaotua juu ya sanamu za miungu ya uongo, nazo sanamu haziwezi kuwafukuza. Tena Kitabu cha Mithali, sura ya 12 aya ya 10, kinatufundisha kwamba mtu mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2416 hadi 2418, inatuambia mambo mawili ambayo lazima yaende pamoja. Kwanza, wanyama ni viumbe vya Mungu, tunapaswa kuwatendea kwa wema, na kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha heshima yetu wenyewe kama binadamu. Pili, si vizuri kutumia kwa wanyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kuwaondolea watu shida zao.

Kwa hiyo hatuwaambii mwache kulipa ada ya mtoto ili mlishe paka. Paka hahitaji mengi. Anahitaji chakula kidogo, maji, chanjo, na watu wasiomtupa.

KICHAA CHA MBWA HAKIKO KWA MBWA PEKE YAKE

Tuanze na jambo linaloua. Ugonjwa tunaouita kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mbwa ndiye anayewaambukiza watu kwa wingi, kwani karibu 99 katika kila wagonjwa 100 wameupata kwake. Lakini mnyama yeyote anayenyonyesha anaweza kuupata, na paka ni mmojawapo. Paka mgonjwa ni hatari kwa sababu ana meno membamba yanayoingia ndani kama sindano, na kidonda chake kwa nje huonekana kama si kitu. Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, karibu wote katika Asia na Afrika. Katika kila watano wanaokufa, karibu wawili ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, yaani kuogopa maji, kuweweseka, kushindwa kumeza, au viungo kupooza, karibu kila mgonjwa hufa. Dalili huchukua miezi miwili au mitatu kuonekana, lakini wakati mwingine ni wiki moja tu, na wakati mwingine ni mwaka mzima. Kwa hiyo kidonda kukauka si ushahidi kwamba mtu amepona.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu unazuilika kabisa mtu akiwahi. Tarehe 6 Julai 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alianza kumpa chanjo mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameng'atwa na mbwa. Mtoto huyo aliishi. Chanjo za siku hizi ni salama na bora zaidi kuliko ile, nazo huchomwa mkononi, si tumboni kama wengi wanavyodhani.

Mtu aking'atwa au kuparurwa na paka au mbwa, au akirambwa penye kidonda, fanyeni hivi:

1. Osheni jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Kama hakuna bomba, mwingine amimine maji kwa kata au jagi. Kazi hii peke yake huondoa sehemu kubwa ya virusi.

2. Baada ya kuosha, pakeni ayodini au spiriti kama ipo. Msipake pilipili, udongo, kinyesi cha ng'ombe, maji ya betri wala majani ya kutwanga. Msifunge jeraha kwa nguvu.

3. Nendeni kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo. Mganga atapima jeraha na kuamua juu ya chanjo. Kama ngozi imetoboka na mnyama anashukiwa, huenda akaongeza sindano ya kingamwili inayochomwa kuzunguka jeraha. Atatazama pia habari ya pepopunda.

4. Malizeni sindano zote kwa tarehe mlizopangiwa. Kuacha katikati kwa sababu mtoto anaonekana mzima ni hatari kubwa.

5. Kama mnyama yupo na anaweza kufungiwa bila kumhatarisha mtu, msimuue. Mwiteni bwana mifugo. Paka au mbwa akiwa bado mzima siku 10 baada ya kung'ata, maana yake hakuwa na virusi katika mate siku ile. Lakini msingoje siku hizo 10 ziishe ndipo mwende hospitali. Sindano huanza kwanza, na mganga ndiye atakayesema zisimame.

6. Mkichelewa kwa siku au hata wiki, nendeni hata hivyo. Maadamu dalili hazijaanza, bado kuna nafasi ya kuokoa maisha.

Paka mwenye kichaa hutambulikaje? Mara nyingi hubadilika tabia. Paka mpole huwa mkali na kurukia watu bila kuchokozwa, au paka mwoga hujisogeza kwa watu kwa namna isiyo ya kawaida. Hujificha gizani, sauti yake hubadilika, hutoka denda, hushindwa kumeza, hutembea akiyumba, kisha hupooza na kufa katika siku chache. Mkimwona paka wa namna hiyo msimguse, hata kwa huruma, na msijaribu kumfungua kinywa mkidhani ana mwiba kooni.

Kinga iko wazi. Kila paka na kila mbwa achanjwe, kwa kawaida kuanzia umri wa miezi mitatu, na arudiwe kila mwaka au kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Wataalamu wamethibitisha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Siku ya kampeni watu hupeleka mbwa na kuwaacha paka nyumbani kwa sababu ni vigumu kuwashika. Mtieni paka katika kapu lenye mfuniko, funikeni kwa kanga, naye atatulia.

MAMA MJAMZITO NA PAKA

Sasa tumjibu mama yetu mwenye mimba. Alichosikia mama mkwe wake si uzushi mtupu. Kina chembe ya ukweli, lakini uamuzi uliotolewa si sahihi.

Kuna kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho kiitwacho toksoplasma. Kiligunduliwa mwaka 1908, na kwa watu wengi wenye afya hakileti shida yoyote, au huleta homa ndogo kama mafua. Lakini mwanamke akiambukizwa kwa mara ya kwanza wakati wa ujauzito, kinaweza kupita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Hapo mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa na kichwa maji, au na madhara ya macho na ubongo. Mama aliyekwisha kuambukizwa zamani, kabla ya kushika mimba, kwa kawaida mwili wake una kinga na mtoto hukingwa.

Paka huhusikaje? Paka anayekula panya, ndege au nyama mbichi anaweza kupata kijidudu hicho, na mayai yake hutoka katika kinyesi chake. Lakini angalieni mambo matatu. Kwanza, kwa kawaida paka hutoa mayai hayo kwa wiki moja hadi tatu tu, anapoambukizwa mara ya kwanza, na hilo hutokea zaidi akiwa bado mdogo anaanza kuwinda. Paka wa miaka minne huenda alishapita hatua hiyo zamani. Pili, mayai yakitoka hayaambukizi papo hapo. Yanahitaji siku moja hadi tano ndipo yakomae. Kinyesi kikiondolewa kila siku, hatari hupungua sana. Tatu, mtu haambukizwi kwa kumpapasa paka manyoya. Huambukizwa kwa kumeza.

Tena paka si njia pekee. Watu wengi huambukizwa kwa kula nyama isiyoiva vizuri, kwa mboga na matunda yasiyooshwa, na kwa udongo wa bustani unaobaki mikononi. Mama anayemtupa paka wake, kisha jioni akala mishikaki ambayo ndani bado ni myekundu, hajajikinga. Na paka akitupwa sokoni atajisaidia penye mchanga au bustani ya mtu mwingine, ambako huenda kuna mama mwingine mjamzito anayepalilia mchicha kwa mikono mitupu.

Basi mama, paka wako abaki. Lakini shikeni masharti haya nyumbani:

- Kazi ya kuondoa kinyesi cha paka ifanywe na baba au mtu mwingine mkubwa, kila siku, mpaka mtoto azaliwe. Kama hakuna mwingine kabisa, vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, kisha nawa kwa sabuni.
- Kinyesi kifukiwe mbali na bustani ya mboga na kisima, au kitupwe chooni.
- Vaa glavu unapolima bustani, na nawa mikono kabla ya kupika na kula.
- Nyama iive mpaka ndani. Usionje nyama mbichi wakati wa kupika. Osha kisu na ubao uliokatia nyama kabla ya kukatia kachumbari.
- Mpe paka chakula kilichopikwa, si utumbo mbichi kutoka buchani.
- Usichukue paka mdogo mpya ndani ya nyumba katika miezi ya ujauzito.
- Waeleze wahudumu wa kliniki ya wajawazito kwamba unafuga paka, ili wakushauri.

Na tunamwomba mama mkwe asichukie. Aliogopa kwa ajili ya mjukuu wake, na hofu hiyo ni ya upendo. Tunamwomba tu hofu hiyo aielekeze kwenye nyama mbichi na mikono michafu, badala ya gunia.

Masharti haya yanawahusu pia ndugu zetu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kinga ya mwili ikishuka sana, toksoplasma iliyolala mwilini miaka mingi inaweza kuamka na kushambulia ubongo. Kinga kubwa ni kumeza ARV bila kukatiza, na kutumia kotrimoksazoli pale daktari anapoagiza. Mtu anayetumia dawa zake vizuri hana sababu ya kumkimbia paka wake. Aepuke tu kuparurwa, na kazi ya kinyesi amwachie mwingine.

MAGONJWA MENGINE YA KUANGALIA

Choa na mapunye. Paka, hasa mdogo, anaweza kuwa na fangasi wa ngozi. Manyoya hunyonyoka kwa duara, na mtoto anayembeba hupata duara jekundu lenye kuwasha. Ugonjwa huu hutibika. Lakini mtibuni paka pia, la sivyo utarudi.

Minyoo. Mayai ya minyoo ya paka hukaa katika mchanga, na mtoto anayechezea mchanga akaramba vidole huyameza. Mara chache minyoo hiyo hufika hata jichoni. Paka wapewe dawa ya minyoo kwa ushauri wa bwana mifugo, na rundo la mchanga wa kujengea lifunikwe.

Homa ya kuparurwa. Bakteria inayoenezwa kati ya paka na viroboto inaweza kuingia kwa kucha. Mtu hupata homa na tezi za kwapani au shingoni huvimba siku kadhaa baada ya kuparurwa. Muoneni mganga.

Jeraha la meno. Mara nyingi kidonda cha meno ya paka huoza kwa ndani, hasa kikiwa kwenye mkono au vidole. Mkono ukivimba, kuwa mwekundu na kuuma, usingoje.

Pumu na mzio. Wako watu ambao mate na ngozi ya paka huwaletea mafua, macho kuwasha au pumu. Kwao ni vizuri paka asiingie chumba cha kulala. Vilevile paka asilale kitandani pamoja na mtoto mchanga. Chandarua kilichochomekwa vizuri huzuia mbu na paka kwa pamoja.

Tauni. Katika sehemu zenye historia ya tauni, kama Lushoto mkoani Tanga ambako ugonjwa huo ulizuka mwaka 1980, paka anayekula panya wagonjwa anaweza kuupata na kumwambukiza mtu. Mkiona panya wengi wanakufa ovyo, na paka ana homa na uvimbe shingoni, msimguse. Toeni taarifa zahanati.

KUMTUNZA PAKA WA NYUMBANI

Paka akiondoka, panya hutawala. Wengi tunamfuga kwa ajili hiyo, kisha tunamwacha na njaa tukidhani ndipo atawinda. Hiyo si kweli. Paka mwenye nguvu huwinda vizuri, na mwenye njaa huzurura kwa majirani, akaiba na kupigwa.

Ugali mtupu haumtoshi. Mwili wa paka unahitaji vitu vilivyomo katika nyama na samaki, na akivikosa kwa muda mrefu anaweza kuwa kipofu na moyo wake kudhoofika. Dagaa walioondolewa chumvi, vichwa vya samaki vilivyopikwa, au mabaki ya nyama vikichanganywa na ugali kidogo vinafaa. Maziwa ya ng'ombe huharisha paka wengi, kwa hiyo maji safi yanatosha.

Msimpe paka dawa za watu. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua. Vilevile dawa za viroboto vya mbwa zenye permethrini ni sumu kwake. Na mkitega sumu ya panya, kumbukeni kwamba paka hula panya aliyekula sumu, na mtoto mdogo huokota chochote.

Jambo la mwisho ndilo mzizi wa habari yote. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne hadi sita, hubeba mimba kwa wiki tisa tu, na anaweza kupata mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha. Akizaa mara mbili kwa mwaka, watoto wanne kila mara, ni paka wanane kwa mwaka kutoka kwa mama mmoja, kabla hatujahesabu wajukuu. Hakuna nyumba inayoweza kuwalea wote, na hapo ndipo gunia hutafutwa. Dawa yake ni kuhasi dume na kumfunga kizazi jike kwa daktari wa mifugo. Kama gharama ni kubwa kwa mtu mmoja, jirani watatu au wanne wanaweza kumwita daktari siku moja wakapatana naye bei.

KUWASAIDIA PAKA WA MITAANI

Wengi wana huruma na paka wa sokoni, wa shuleni, au paka shume wanaolala nyuma ya ukumbi wa parokia. Huruma ni njema, lakini iwe na utaratibu.

Kwanza, watoto wafundishwe kutowashika. Mtoto akimwona paka mgonjwa au mdogo aliyeachwa, amwite mtu mkubwa. Mwambieni pia kwamba aking'atwa hatapigwa. Watoto wengi huficha jeraha kwa kuogopa fimbo, na ukimya huo unaweza kuwaua.

Pili, anayetaka kuwalisha alishe saa moja na mahali pamoja kila siku, kisha aondoe mabaki. Chakula kinachobaki usiku huita panya na nzi. Baada ya siku kadhaa paka watazoea, na hapo ni rahisi kuwatega kwa kizimba na kuwapeleka kuchanjwa na kuhasiwa. Paka shume aliyekomaa hafai kulazimishwa kuishi ndani. Akishachanjwa na kuhasiwa arudishwe pale pale, na kwa desturi daktari humkata ncha ndogo ya sikio akiwa usingizini ili watu wajue kwamba ameshahudumiwa.

Tatu, anayemwokota paka ili amlee nyumbani amshike kwa taulo nene, amweke peke yake mbali na watoto, na amwonyeshe kwa bwana mifugo kabla ya kumwachia nyumbani.

Nne, tusitege sumu. Paka wakiuawa na jalala likabaki, wengine watakuja kwa sababu chakula bado kipo, na katikati panya watakuwa wamezaliana. Sumu hiyo huua pia kuku na mbwa, na kwa mtoto ni hatari ile ile. Hapa Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Kufunika jalala na kuzika mabaki ya machinjioni hupunguza paka wa mitaani kuliko sumu.

PENDEKEZO KWA PAROKIA

Kila mwaka, tarehe 28 Septemba huadhimishwa duniani kuwa siku ya kupambana na kichaa cha mbwa, na nchi nyingi zimekubaliana kujitahidi ifikapo mwaka 2030 asife mtu tena kwa ugonjwa huu kutokana na mbwa. Siku sita baadaye, tarehe 4 Oktoba, Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyeviita viumbe vyote ndugu. Hizi tarehe mbili ziko karibu kana kwamba zimepangwa kwa ajili yetu.

Tunapendekeza kila parokia imwombe afisa mifugo wa kata aje katika wiki hiyo kuchanja mbwa na paka kwenye uwanja wa kanisa. WAWATA na jumuiya ndogo ndogo watangaze mapema. Watoto wa Utoto Mtakatifu wafundishwe kuosha jeraha kwa dakika 15, kila mmoja ajaribu kwa saa, ili waone ni muda mrefu kiasi gani. Na viongozi wa jumuiya waulize mapema ni hospitali ipi ya karibu yenye chanjo ya kichaa cha mbwa. Usiku ambao mtoto ameng'atwa si wakati mzuri wa kuanza kuuliza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu, paka na mbwa wasiohitajika hupelekwa wapi? Nani hupata madhara?
2. Je, kila mmoja wetu anajua la kufanya katika dakika 15 za kwanza baada ya kung'atwa?
3. Ni paka wangapi katika nyumba zetu waliochanjwa mwaka huu?
4. Jumuiya yetu inaweza kufanya nini kuhusu jalala la karibu?

Yule mtoto wa miaka saba bado ana tarehe za kurudi hospitali, nasi tumemwomba baba yake asiikose hata moja. Tunawaomba mmkumbuke katika sala. Na yule mama, tunatumaini kwamba ukurasa huu utamfikia kabla gunia halijatafutwa. Kama tayari limetafutwa, basi litiwe mahindi.

Tuonane mwezi ujao. Mungu awabariki.